Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Kijiwe chetu ni benchi lililo mbele ya duka la kahawa la jamaa tunayemwita Tofu, nyuma ya hekalu, hapa Tainan, Taiwan. Mimi naendesha pikipiki ya jumuiya ya Dada Su-chen, inayowapelekea chakula cha mchana wazee wanaoishi peke yao. Leo asubuhi kompyuta ya ofisi ilizimika, haikuwaka tena, na majina yote, anwani, na nani ana kisukari vilikuwa humo. Chakula kilishapakiwa. Redio, fundi mstaafu, alikuwa anakunywa kahawa bila haraka, nikatamani kummwagia.

— Mlikosea pakiti, Redio alisema, akishikilia ile imani ya mafundi wa hapa. Juu ya kompyuta inakaa pakiti ya kijani ya vitafunio, ndiyo inayoituliza. Nyie mmeweka ya njano.

— Ya kijani, Mjomba! Niliiweka kwa mkono wangu, alijibu Dada Su-chen. Hakuwa amekaa tangu afike.

— Basi imepitwa na muda. Mashine inajua.

— Au kuna mtu kaila, akadakia Tofu akimimina kahawa. Yule mhasibu wako namjua, mkono wake hautulii.

— Jamani, wazee wana njaa!

— Sikia, Dada. Hiyo imesusa. Jana si mlikuwa mnatazama picha za kompyuta mpya, mbele yake? Hata mke wangu angesusa.

— Mjomba, acha utani. Mfadhili atakayelipia mpya anataka jibu leo. Ninunue ipi?

— Kubwa! Yenye taa za buluu.

— Na pakiti mbili, Tofu akaongeza. Moja juu, moja chini.

— Tatu! Na moja mpe mhasibu.

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshavaa kofia ya pikipiki, jasho linanitoka, sijui nielekee wapi.

Hapo akaja Pei-jun, mpishi aliyeanza kazi leo, aproni bado kiunoni, kuuliza mbona chakula hakiondoki. Dada Su-chen akamweleza yote, pakiti, picha, na ile mpya yenye taa.

— Pole, Dada, alisema Pei-jun. Na hiyo mpya nayo ikizimika, majina ya wazee yatakuwa yameandikwa wapi kwingine?

Tofu aliacha kumimina. Dada Su-chen akakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaninong'oneza:

— Yule bibi wa kisukari, unaikumbuka nyumba yake?

Mtaa naukumbuka. Nyumba, hapana.