Ardis Skogen Ostby, Aliyeandika Maneno ya Wote

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kazi hii kwa kuwa mimi ndiye mkubwa aliyebaki, si kwa kuwa najua kuandika. Jumanne iliyopita Ardis alikuwa mahakamani, amekaa wima kwenye kiti cha shahidi. Leo Jumanne tuko hapa. Akili yangu bado haijafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kwenye shamba la ng'ombe la baba yetu, Einar Skogen, maili nne kutoka hapa Norvik, Wisconsin. Theluji ilikuwa imeziba njia, mkunga akaletwa kwa trekta. Alikuwa wa pili kati yetu watatu. Mimi, Lyle, nilimtangulia. Delmar alikuja mwaka 1964, na mama alipofariki Delmar akiwa na miaka sita, Ardis ndiye aliyemlea. Alimfungia kamba za viatu, akamshika mkono kumfundisha kuandika jina lake.

Alimaliza shule hapa hapa mwaka 1969. Baadaye alikwenda La Crosse kujifunza kile kimashine cha kunakili maneno mahakamani, na kila Ijumaa alirudi kwa basi ili Delmar aoge na kula chakula cha moto. Mimi wakati huo nilikuwa barabarani na lori, sijui niko jimbo gani. Nisiwachoshe na hayo.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika mahakama ya kaunti yetu, akakaa miaka thelathini na sita mbele ya meza ya jaji. Wezi, wanandoa waliochokana, majirani waliogombea mpaka, maneno yao yote yalipita vidoleni mwake, naye hakuruhusiwa hata kukunja uso. Shahidi akitikisa kichwa badala ya kujibu, jaji humwambia aseme kwa sauti, maana kimashine hakina herufi ya kichwa. Ardis aliileta sheria hiyo nyumbani. Ukitikisa kichwa kuomba viazi, anakuambia, "Kichwa hakiandikiki. Sema."

Hata marehemu Verner Ostby, fundi wa matrekta, hakusalimika. Walikuwa wanakula samaki wa Ijumaa, Verner akasukuma pete kupita bakuli la kabichi, kimya.

"Verner, hujasema kitu," Ardis akamwambia.

"Nina samaki mdomoni."

"Meza basi. Mimi nipo."

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa binti mmoja, Janelle. Verner alitutoka mwaka 2018.

Ardis alipostaafu alifundisha somo la mwanzo la sheria na uadilifu wa biashara katika chuo cha kaunti, Jumatano mchana. Nami nilipoegesha lori mara ya mwisho nilikwenda kukaa nyuma ya darasa, kofia mapajani. Siku moja alifundisha kwamba mke anaweza kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Nikanyoosha mkono: na dada kwa ndugu yake? "Hapo sheria haina mlango, kaka," akasema. Kijana mmoja akauliza, kama kampuni ni mtu mbele ya sheria, mbona haifungwi jela? Akamjibu, "Kampuni haina mkono. Tafuta mkono uliotia saini."

Sikujua kwamba somo lile lingekuja kutukalia mezani.

Ardis alikuwa akimsaidia Delmar, msimamizi wa kiwanda chetu cha jibini, kufungua barua. Machi mwaka jana ikaja barua ya maabara kwamba jibini la wiki ile lina vijidudu. Akaiweka mkononi mwa Delmar. Jibini likatoka kwenda madukani hata hivyo, na karatasi ya kuliruhusu ina saini. Watu kumi na mmoja waliugua. Mzee Alvin Brekke yuko nasi leo kwenye kiti cha magurudumu, hajatembea tangu hapo.

Delmar akashtakiwa, na Ardis alipoitwa ushahidini nilimshauri vibaya. Nilimwambia aseme hakumbuki.

"Lyle, umeendesha maili milioni mbili. Umewahi kusema hukuiona taa nyekundu?"

"Mara moja."

"Polisi akafanyaje?"

"Akaniandikia faini."

"Haya. Kunywa kahawa yako."

Basi tarehe 7 Oktoba mwendesha mashtaka alimwonyesha ile karatasi, akamuuliza kama saini ni ya ndugu yake. Ardis akatikisa kichwa kukubali. Ardis, jamani. Jaji Petrykowski, aliyefanya naye kazi miaka mingi, akainama akasema polepole, "Bi Ostby, wewe unajua kuliko sisi sote. Kichwa hakiandikiki." Msichana wa kimashine alikuwa amesimamisha vidole. Ardis akamtazama Delmar.

"Ndiyo," akasema. "Ni ya mdogo wangu. Hiyo D nilimfundisha mimi."

Alhamisi wale raia kumi na wawili walioketi kuamua kesi wakamkuta Delmar na hatia. Adhabu itasomwa mwezi ujao; mpaka hapo yuko nje kwa dhamana.

Kuhusu ugonjwa, tumeujua baada ya kifo. Daktari alimwambia tangu Agosti kwamba moyo umechoka. Aliyeandika ya watu wote, yake hakumwambia hata Janelle.

Ijumaa asubuhi, tarehe 10, Delmar alikwenda kwake. Ameniruhusu niyasome haya. Alisimama mlangoni.

"Umekuja kunigombeza?" Ardis akamuuliza.

Delmar akatikisa kichwa kukataa.

"Hakiandikiki hicho, Delmar."

"Hapana, dada. Nimekuja kula."

Ardis akamvutia kiti, akageukia jiko kuvunja mayai. La pili halikuvunjwa. Lilibaki mkononi mwake, zima, mpaka Delmar alipomshika akianguka. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Ameacha binti yake Janelle na mumewe, wajukuu wawili, Britta na Soren, na sisi ndugu zake wawili, Lyle na Delmar.

Pale ukumbini, chini ya kanisa, kuna mkate na nyama, karibuni wote. Ila kwanza, nitakaposema lile neno la mwisho, nawaomba msiinamishe vichwa tu. Itikieni Amina kwa sauti, asikie.

Dada yetu Ardis, maneno yetu uliyabeba ya kutosha. Pumzika kwa amani.