Kondakta Aliyefungua Mlango

Ninyi nyote mliokuja kumsindikiza Kutsuna Yoshiharu, familia inawasomea maisha yake kama yalivyokuwa, bila kupunguza pale ambapo wengine wangependa yapunguzwe.

Yoshiharu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Nakatsugawa, mtoto wa pili wa mzee Kutsuna Genzo, mpasua mbao, na mama Tome, katika nyumba iliyokuwa karibu sana na reli, hata vikombe viligongana kabatini kila treni ya mizigo ilipopita. Alisoma hapohapo mpaka sekondari ya juu, akamaliza Machi 1969, na tarehe 1 Aprili mwaka huohuo akaajiriwa mjini Nagoya na kampuni ya reli ambayo familia haitaki jina lake litajwe mbele ya jeneza hili.

Alianza kwa kufagia majukwaa ya stesheni, akakata tiketi getini, na mwaka 1976 akavaa kofia ya kondakta, kazi ya kukaa behewa la mwisho, kufungua na kufunga milango, na kuhakikisha hakuna mtu anayeburutwa, akinyooshea kidole kila anachokikagua na kukitamka kwa sauti. Kazi hiyo ilimwingia mwilini, hata nyumbani hakutoka jikoni kabla ya kulinyooshea jiko kidole na kutamka kwa sauti, "Gesi imefungwa, sawa!", na watoto wakaitikia "Sawa!" kutoka chumbani huku wakicheka.

Tarehe 3 Novemba 1977 alimwoa Fusae, aliyekuwa akiuza tambi kwenye kibanda kilichokuwa chini ya ngazi za stesheni, na ambaye mpaka leo anasema alimkubali kwa sababu hakuwahi kurudisha bakuli likiwa na tone la supu. Walijaliwa watoto wawili, Chinatsu mwaka 1979 na Takuma mwaka 1982.

Asubuhi ya tarehe 17 Februari 1994, stesheni ikiwa imefurika watu wanaokwenda kazini, Yoshiharu alifunga milango, akachungulia dirishani, akaona fimbo nyeupe imebanwa mlangoni na mwenye fimbo amebaki jukwaani ameishikilia. Alifungua milango yote, akashuka, akamshika mkono Bwana Hibino, mkandaji asiyeona, akampandisha na kumtafutia kiti, na treni ikaondoka ikiwa imechelewa dakika moja na nusu. Kwa ajili ya hiyo dakika moja na nusu aliitwa mzembe, kwa kuwa kanuni ilimtaka abaki behewani na kumwita mhudumu wa jukwaa. Bwana Hibino alikwenda ofisi ya kampuni kumtetea akiwa na fimbo yake iliyopinda, wakamwacha mlangoni, na Yoshiharu alipoulizwa kama amejifunza, alijibu kwamba kesho angefungua tena.

Wakamwadhibu asimame mwishoni mwa jukwaa la tatu kwa mwezi mzima, amevaa sare, akiinamia kila treni iliyoingia na iliyotoka, akiwaomba radhi abiria, mbele ya majirani na walimu wa watoto wake. Siku ya pili Fusae alifunga kibanda, akakata tiketi ya kuingia jukwaani, akasimama bega kwa bega na mumewe, na treni ilipoingia akainama chini kuliko yeye.

"Fusae, nenda nyumbani," Yoshiharu alinong'ona, "supu itaungua."

"Supu nimeizima. Inama, treni hiyo inakuja."

Msimamizi wa zamu alifika mbio. "Mama Kutsuna, tafadhali, unatuharibia kazi."

"Kazi ipi, bwana mkubwa? Hii ya kuinama? Basi nawasaidia, tena bila mshahara."

"Watu wanatazama!"

"Si ndivyo mlivyotaka, watazame? Au mlitaka wamtazame huyu peke yake?"

Siku ya nne abiria wakaanza kuwainamia wao, na kampuni, iliyoona aibu kwa jambo hilo na si kwa adhabu yenyewe, ikamhamishia Yoshiharu kwenye chumba kisicho na dirisha, akawa ananakili kanuni kwa mkono mpaka mwezi ukaisha. Kofia ya kondakta hakurudishiwa. Aliwekwa stoo ya vitu vilivyosahaulika, kati ya miavuli ya watu, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2011.

Hakudai fidia hata siku moja. Alichotaka ni mtu mmoja wa kampuni aje nyumbani, akae sebuleni, anywe chai na kusema, "Tulikukosea." Mwezi Septemba uliopita, alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho, mwenzake wa zamani, Bwana Sugie, aliwapelekea ombi hilo kwa mara ya mwisho, akajibiwa kwamba waliohusika wamekwisha kustaafu. Yoshiharu aliposikia aligeukia ukuta, na hakulizungumzia tena. Alifariki tarehe 12 Februari 2024 alfajiri, Fusae akiwa kando yake, na jioni iliyotangulia alikuwa bado akiinyooshea kidole dripu na kusema, "Inashuka, sawa."

Jana imefika telegramu ya rambirambi kutoka kampuni, ya kusomwa msibani kama ilivyo desturi, ikimsifu kuwa aliutumikia usalama wa abiria kwa moyo wote. Fusae aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Usalama! Leo ndipo wamelijua hilo neno," akaikunja. Haitasomwa hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulinda nyumba, Bwana Sugie na makondakta waliokuja kwa hiari yao, na Bwana Hibino, aliyeketi safu ya mbele pamoja nasi. Wale wawili wa safu ya tatu waliotumwa na kampuni, Fusae hawafukuzi, ila ana ombi moja kwao. Gari la maiti litakapopiga honi ya kuondoka, inameni, kama alivyoinamishwa Yoshiharu, mpaka gari lisionekane tena. Fusae mwenyewe leo hatainama. Atakuwa amesimama wima pembeni yenu, anawatazama.

Yoshiharu, milango imefungwa, hakuna aliyebanwa, njia iko wazi. Nenda ukapumzike.