Noëlla na Creuset ya Tatu

Mon Père padri wetu, wazee wetu, wamaman na wapapa wa Nyalukemba, na ninyi watu wa labo, maabara ya chuo, mulioacha kazi mukuje kutushika mukono, mimi ni Zagabe Jean-Claude, kaka mukubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Noëlla Cibalonza, juu tulitoka tumbo moja, tukakaa ku banc moja ya masomo, tukatumika mu chumba kimoja. Karatasi hii tuliiandika jana pamoja na beau-frère Pascal, bwana ya marehemu, lakini asubuhi ya leo kuna kitu nimesoma, nitakiongeza, munivumilie.

Noëlla alizaliwa ku Nyantende tarehe 9 Juni 1984, mutoto wa pili wa Papa Cirhuza, Mungu amupokee, na wa Maman Adélaïde, huyu munamuona hapa mbele. Mimi nilikuwa na miaka mbili, wanasema siku ile nilikataa kula, nikaomba wamurudishe kule walikomutoa, na watu wakacheka sana. Mimi sikucheka.

Alianza masomo ya msingi ku Nyantende mwaka 1990, akaendelea na secondaire hapa Bukavu, section ya biologie-chimie, na mule ndani mimi nilirudia darasa mara mbili, yeye hakurudia hata moja, mpaka akanifikia. Mwaka 2002 tukafanya examen d'État, mutihani wa kumaliza secondaire, pamoja, mimi nikapata asilimia 53, yeye 79, na Papa akachinja mbuzi, akasema ni ya wote wawili, lakini kichwa cha mbuzi alimupa Noëlla. Beau-frère, najua hiyo haiko ku karatasi. Iko mu roho yangu tangu miaka makumi mbili na mbili, wacha itoke.

Alipata licence ya kemia, digrii ya chuo kikuu, tarehe 25 Julai 2008, mimi nikaacha mu mwaka wa tatu, yeye akabakizwa chuo kufundisha kama assistant, kisha akapanda kuwa chef de travaux. Mwaka 2011 njo yeye aliniombea kazi ya kuosha vyombo na kuchunga four, ile tanuru ya kuchomea, mu labo yake, na kila mutu akaniambia, Zagabe, uko na bahati ya dada. Ee, bahati gani? Kila asubuhi kumuita dada yako mudogo Chef, mbele ya wanafunzi!

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa takatifu na Pascal Bulonza, mwalimu, wakapata watoto wawili, Larissa aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2013, na Jean-de-Dieu wa tarehe 20 Aprili 2016.

Sasa kazi yake, kwa wale hawaijui. Noëlla alikuwa anachoma maganda ya kahawa mu four bila hewa, yanakuwa makala, anayafanya unga wa kaboni nyembamba sana, wenye elimu wanaiita graphène, anaupaka ku kipande cha chuma, na hiyo njo electrode. Ukiweka electrode mbili pamoja zinajaa umeme kwa dakika moja tu, na courant ya mujini ikikatika zinaurudisha palepale. Lakini ili umeme upate pa kukaa, ule unga unapaswa kuwa na matundu madogo madogo, sawa eponji ya kuogea, na matundu yalikuwa yanakataa, miaka mitatu yote, unga unatoka mugumu, umeme unakaa kidogo unatoroka. Yeye alikuwa analia, na mimi, Mungu anisamehe, siku hizo nilikuwa nalala vizuri.

Tarehe 14 Machi 2019 nilitoka ku Nyantende kumuona mama. Wanawake wa kwetu munajua ile chumvi ya majivu, munachoma maganda ya ndizi, munachuja maji yake, munayakausha, munalainisha nayo maharagi. Mama alikuwa ameitengeneza, akanipa kopo, boîte moja imejaa, akaniambia ni ya Noëlla, amechoka sana na kazi. Yangu haikukuwa. Nilishuka na ile boîte mpaka labo, nikakuta ameniachia creuset ine, vile vyungu vidogo vya kuchomea unga, niziingize mu four, juu kesho yake wageni walikuwa wanakuja kuangalia kama kazi yake inastahili kuendelea. Nikafungua creuset ya tatu, nikamwaga ndani nusu ya chumvi ya mama, nikakoroga na kidole, nikafunga. Nilitaka iharibike. Nilitaka wageni waone kama hata yeye anaweza kushindwa. Kikulacho kiko mu nguo yako, njo mimi niliyekuwa mu nguo yake.

Asubuhi creuset ya kwanza, ya pili na ya ine zilikuwa bure sawa siku zote. Ya tatu, alipoiosha na kuipima, ilishika umeme mara sita kupita zingine. Noëlla alipiga vigelegele mu labo nzima, akanikumbatia, na mimi nikasimama pale sawa mti. Kumbe ile chumvi mu moto inakula makala polepole, inaacha matundu! Akaniuliza kama niliona kitu gani kimebadilika, nikasema hapana, Chef, hakuna. Kisha nikamupelekea boîte yake kwake nyumbani, nusu.

Mwezi haukuisha akaanza kumuagiza mama chumvi ya majivu, nikawaza amegundua kwa akili yake, kama kawaida. Mwaka 2021 kazi ikaandikwa mu jarida la ng'ambo, mwaka 2022 taa ya electrode zake ikatundikwa mu maternité moja, nyumba ya kuzalia, ku Nyantende, na jina langu halikuonekana hata chini. Nikakaa miezi tisa bila kuingia kwake. Alikuja yeye na chakula, nikakikula bila kumuangalia.

Ugonjwa wa figo ulimushika mu Februari mwaka huu 2024, akalazwa mara tatu, akatuacha siku ya Mungu, jumapili tarehe 6 Oktoba, saa kumi ya alfajiri, akiwa na miaka 40.

Familia inashukuru waganga na wauguzi waliomuhangaikia, majirani wa Nyalukemba waliokesha nasi ku kilio, wenzake wa chuo walioleta jeneza. Aksanti sana.

Na sasa kile nilisoma. Asubuhi Pascal alinipa cahier, daftari ya kazi ya Noëlla, ili nihakikishe tarehe, nikafungua 15 Machi 2019, na mukono wake umeandika hivi: Creuset ya tatu iko na chumvi ya mama. Mama hatumi boîte nusu. Ni Zagabe. Sijui kwa nini aliiweka, lakini kazi hii ni yetu wawili, na jina lake litakaa pembeni ya langu siku atakaponiambia mwenyewe. Nitamungoja.

Miaka tano, wapendwa. Hakumwambia mama, hakumwambia bwana yake, kila chakula alichoniletea alikuwa anakuja kusikiliza kama nitasema, na mimi nilikuwa nawaza amekuja kujivuna.

Noëlla, njo mimi. Niliiweka juu ya wivu, nilitaka uanguke, na nimelisema mbele ya mama na ya watoto wako. Jina langu liache, halina kazi pale. Dada yangu, umengoja ya kutosha. Lala sasa kwa amani, usiningoje tena.