Mama Timazi na Ukuta Usio Wake

Ndugu waombolezaji, tuliombwa na baadhi ya wakubwa turuke mwaka mmoja wa maisha ya marehemu ili tusimuudhi mtu, familia ikakaa, ikakataa, kwa hiyo mtausikia.

Mama yetu, mliyemjua kwa jina la Mama Timazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba iliyopakana na tanuri la matofali, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akamfuata mjomba wake, fundi muashi, kwanza kumpelekea chai, baadaye kushika mwiko, mpaka mjomba akakiri, kwa shingo upande, kwamba mpwa wake anapiga plasta kumzidi. Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, wakajaliwa mabinti wawili.

Katika kila ukuta, plasta ya kwanza ikiwa bado mbichi, alichora kwa msumari tarehe na timazi ndogo, ile kamba ya kupimia kama ukuta umesimama wima, akamwita mwenye nyumba aone, ndipo afunike kwa plasta ya pili. Walimcheka, wengine wakasema ni uchawi, jamani!

Mwaka wenyewe ni 1998. Ukuta wa bafu ulianguka nyumbani kwa mwalimu mmoja, na mkandarasi aliyesimamia kazi akatangaza mtaa mzima kwamba ni wa Mama Timazi, wakati mama alijenga jiko tu. Miezi miwili hakuna aliyemwita kazini. Baba alimsihi aombe radhi yaishe, akamjibu kwamba kazi atapata nyingine, jina hana lingine. Tarehe 3 Oktoba, saa mbili asubuhi, alichuchumaa uani kwa mwalimu, majirani na mkandarasi wakitazama, akageuza vipande vya plasta iliyoanguka kimoja kimoja, hapakuwa na alama hata moja, kisha akaomba ruhusa ya kubomoa kipande cha ukuta wa jiko. Binti yake mkubwa ndiye aliyepiga nyundo, mikono ikamtoka malengelenge, ukuta uligoma mpaka karibu na adhuhuri, na ulipoachia, tarehe ilikuwepo na timazi ilikuwepo. Mkandarasi akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Mama amefumba macho bila kuombwa radhi, na bwana huyo yuko nasi hapa leo, karibu sana, viti vipo.

Juni 2021 kifua kilianza kumsumbua kwa vumbi la saruji, akalazwa mara tatu, na hata wodini aliwaambia wauguzi kwamba mlango wao umepinda, na kweli ulikuwa umepinda. Alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mkubwa, ambaye naye sasa ni muashi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliourekebisha mlango ule, majirani, mafundi wenzake, na mwalimu, ambaye jiko lake bado limesimama. Kaburi hili atalijenga binti yake huyo, na alama ataichora kwa ndani. Nyumba za mama zipo, mwenye shaka aje na nyundo yake.

Mama Timazi, weka mwiko chini, pumzika kwa amani.