Ghalia Binti Msabaha, Aliyeposwa na Jeshi

Assalamu alaykum nyote mliokuja kumsindikiza mjukuu wangu. Maneno haya anayasoma Mahir, mdogo wa marehemu, lakini nimeyaandika mie Mwatima, bibi yake mzaa baba. Walitaka kunifupishia, nikakataa. Mtu aliyefika cheo cha umeja jeshini hasemwi kwa mistari miwili mitatu. Waliochoka kusimama watafute viti.

Marehemu Ghalia alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1986, hospitali ya Isleworth, London, mtoto wa kwanza wa mwanangu Msabaha na mkewe Jokha. Sisi asili yetu Wete, Pemba. Alilelewa hapa hapa Hounslow, katika flati yetu ya kaunsili ya mji, ambapo ndege zikishuka tunanyamaza, zikipita tunaendelea na maneno yetu. Baba yake alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, mama yake akitunza wazee majumbani mwao, kwa hiyo mtoto alikuwa wangu mchana kutwa. Nasema hili ili ijulikane ukaidi aliutoa wapi.

Alisoma skuli ya msingi na sekondari hapa Hounslow, na Jumamosi chuoni kwa Kurani, akahitimu msahafu akiwa na miaka kumi na moja. Watoto wa huku wanasikia Kiswahili chote lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mie akinijibu kwa Kiingereza nilikuwa najifanya kiziwi mpaka ageuze. Ndiyo maana yeye alikuwa akikisema. Sikukuu moja nilitafuta vijiti vya mishikaki nyumba nzima nisivione. Kumbe Ghalia kavifunga kwa uzi, kajenga daraja kutoka kigoda hadi kigoda, na juu yake kaweka kinu changu cha kutwangia, na daraja halikuvunjika. Sikukuu ile tulikula nyama ya mchuzi. Mwezi wa Septemba 2004 aliingia chuo kikuu hapa London kusomea uhandisi wa ujenzi, na sikushangaa.

Tulichoshangaa ni kilichokuja mwezi uliofuata. Tumekaa tunafuturu, ilikuwa Ramadhani, Ghalia akasema amejiandikisha mafunzo ya uofisa wa jeshi pale pale chuoni. Akatueleza. Mwanafunzi anasoma masomo yake kama kawaida, ila jioni moja ya wiki na baadhi ya Jumamosi na Jumapili anafundishwa uofisa. Akimaliza chuo, akitaka anaendelea jeshini, asipotaka anakwenda zake. Baba yake akaweka kijiko chini.

Hapa lazima niseme, ili asiyejua ajue. Mwaka 1964 wenye magwanda waligonga mlango wetu kule Wete, wakamchukua mume wangu, na mpaka leo sikumwona tena. Msabaha alikuwa na miaka mitatu, ameshika kanga yangu nyuma ya mlango ule. Nyumbani kwake gwanda halikuwahi kuingia. Hata uskauti Mahir alikatazwa. Tena mwaka ule vita vya Iraq vilikuwa vinapigwa, na msikitini watu walikuwa na maneno. Msabaha akasema waliomchukua baba yake walivaa hivyo hivyo, na yeye hatozaa mtoto wa kuvaa hivyo.

Nikamwambia, "Aliyechukuliwa alikuwa mume wangu kabla hujazaliwa wewe. Kama kuna mtu wa kukataa gwanda humu ndani ni mie, na mie sikatai."

Akaniuliza kwa nini.

"Miaka arubaini naogopa gwanda," nikamwambia. "Nataka nife nimeliona moja ninaloweza kulituma dukani."

Hakucheka. Akasema neno la kufunga mjadala. Akasema kama jeshi linamtaka binti yake, lije limpose kama watu wanavyoposa, waje wazee wao wakae kwenye busati lake waombe. Alijua hawatokuja. Mie nikamgeukia Ghalia nikamwambia, umemsikia baba yako, nenda kawaambie.

Mtoto alilia. Aliniambia, "Bibi, watu hawa hawaposi." Nikamuuliza kama amewauliza. Hakuwa amewauliza. Basi akaenda kwa sajenti aliyekuwa akiwafundisha, Gurdial, Singasinga wa hapa hapa Hounslow ambaye mama yake alizaliwa Kisumu na kumfunza Kiswahili, akamweleza yote, na habari ya mlango wa Wete pia. Gurdial hakumcheka, maana dada zake wote waliolewa kwa kuombwa. Akampelekea habari mkubwa wao, meja mmoja mwanamke wa Kiingereza.

Jumapili ya tarehe 21 Novemba 2004, baada ya adhuhuri, tukasikia hodi. Gurdial alipiga hodi kwa sauti yake, hakugonga mlango kwa mkono, na wote wawili walivaa nguo za kiraia. Walikuja na boksi la barfi, halua ya maziwa ya Kihindi, maana posa haiji mikono mitupu, na hilo Gurdial alilijua bila kuambiwa. Wakavua viatu, wakakaa kwenye busati. Yule meja miguu yake mirefu hakujua aiweke wapi.

Gurdial ndiye aliyekuwa mshenga. Akasema, "Mzee, mama, sisi tumekuja na shida moja. Tumeona msichana hapa kwenu, na sisi tunamtaka."

Msabaha akamwangalia hivi. "Na bwana harusi yuko wapi?"

"Ni serikali ya Malkia, mzee. Iko na kazi mingi, ndiyo imetutuma sisi."

Jokha alikimbilia jikoni kucheka. Mie nilichekea pale pale. Msabaha alijikaza, lakini nilimwona mdomo.

Kisha akauliza maswali ya kweli, na ilikuwa haki yake. Atakula nini, atasali wapi, atalala na nani chumba kimoja, na akifa huko nani atakuja kumwambia baba yake. Gurdial akawa anatafsiri huku na huku. Yule meja hakumdanganya. Alisema hawezi kuahidi kwamba atarudi salama kila mara, hilo mwenye kuahidi ni Mungu. "Ninachoahidi," akasema, "kwetu sisi ofisa anakula wa mwisho, askari wake wakishashiba. Mwanao tutamfundisha hilo kabla ya bunduki." Msabaha akamwambia Gurdial alirudie neno hilo. Maisha yake yote hakuna aliyemwambia kitu kama hicho juu ya askari.

Nikasema basi aitwe mwenyewe aulizwe. Mwari wa kwetu akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Huyu alitoka jikoni akasimama wima kama yuko kwenye gwaride.

"Nataka, baba. Lakini nataka pamoja na radhi yako."

Msabaha akajibu, "Ruhusa umepata. Radhi usiniombe."

Mliolelewa vizuri mnajua uzito wake. Ruhusa ni ya kutoka mlangoni, radhi ni ya dunia na akhera, na mtoto asiye na radhi ya baba yake hata akifika wapi moyo wake haujafika. Ghalia alimbusu mkono baba yake, na wageni wakanywa kahawa.

Miaka mitatu alisoma uhandisi na akafundishwa uofisa. Alilala porini kwenye baridi, akatembea na mzigo mgongoni mzito kuliko mie. Mara ya kwanza nilimfungia visheti, akavikataa, nikavitia chini ya soksi zake. Aliporudi akasema kikosi kizima kinauliza visheti vingine lini. Kibla alikuwa akikitafuta kwa dira ya jeshi, na hakukosa sala. Wale waliosema atapotea dini, nawaona mmo humu leo, karibuni sana. Viatu vyake vya jeshi alivipiga rangi mpaka ukijiona uso, akiviacha mlangoni. Baba yake akivipita bila kuvitazama. Lakini mvua ikinyesha nilikuwa naviona vimesogezwa ndani, na mie sikuvisogeza.

Alipata digrii yake mwaka 2007. Januari 2008 akaingia chuo cha maofisa cha Sandhurst, na Desemba ya mwaka ule ule akawa ofisa kamili. Tulikwenda mie, Jokha na Mahir. Msabaha alisema ana zamu kazini. Baada ya gwaride ofisa mmoja alipanda ngazi na farasi wake mpaka ndani ya jengo, na hakuna aliyemkataza. Nikasema hawa watu wana vituko, lakini mjukuu wangu alikuwa amekwenda sawa kuliko wote, na nimemwambia hivyo kila aliyekuwa karibu yangu. Ghalia alinikumbatia, akaniuliza baba kasemaje. Nikamwambia kweli. "Kasema uvae sweta."

Alijiunga na kikosi cha wahandisi. Mwaka 2010 alipelekwa Afghanistan, akajenga barabara na madaraja, akarudi, alhamdulillahi. Akapanda kuwa kapteni. Tarehe 16 Juni 2012 aliolewa na Mahmood, mfamasia, kijana mpole mwenye subira, na alizihitaji zote mbili. Baba yake ndiye aliyemwozesha. Lakini lile neno lilikuwa bado baina yao. Kila sikukuu Ghalia alimbusu mkono na kungoja, na kila sikukuu Msabaha alimwambia karibu chakula.

Februari 2014 Mto Thames ulifurika. Mfanyakazi mwenzake Msabaha alikuwa anakaa karibu na Staines, nyumba imeingia maji, Msabaha akaenda kumsaidia kutoa vitu. Akakuta askari mtaani. Mbele yao ofisa, maji mpaka kiunoni, anakwenda mlango kwa mlango anagonga kwa mkono. Alikuwa Ghalia. Msabaha mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Alisema aliposikia ule mgongo wa mkono kwenye mbao alijibanza nyuma ya ukuta, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu. Mlango ukafunguliwa. Ajuza wa Kizungu akatokea na paka wake, akamwangalia yule mwenye gwanda, akafungua mikono kama mtoto anayetaka kubebwa. Ghalia akambeba mgongoni, na paka akamtia ndani ya koti.

Msabaha alikaa pale mpaka jioni. Alimwona anabeba watu, kisha chakula kilipokuja alimwona amesimama pembeni na maji yanamchuruzika, anahesabu askari wake wakila. Kilichobaki chunguni kilikuwa kidogo. Ndipo akamwendea.

"Nimekuona ukigonga mlango," akamwambia.

Ghalia akajipangusa maji usoni. Akasema, "Ndiyo, baba."

"Radhi yangu unayo. Unayo tangu siku ile ya busati. Nilikuwa nimeikalia tu."

Kapteni wa Jeshi la Uingereza akalia mbele ya askari wake, nao wakainamia sahani zao.

Baada ya hapo alikuwa hashikiki. Mwaka ule ule alikwenda Sierra Leone wakati wa ebola kujenga vituo vya wagonjwa. Mwaka 2016 alimzaa Nurjehan. Mwaka 2018 akawa meja, na baba yake akanunua pasi mpya, akasema ya zamani haifai kwa nguo ya meja. Aliporudi kufundisha uofisa wanafunzi wa vyuo vikuu, kila mzazi aliyekataa Ghalia alimwendea nyumbani mwenyewe. Kuna baba mmoja wa Tottenham alimfukuza mara mbili. Binti wa baba yule ni luteni sasa.

Januari mwaka huu madaktari waligundua ana saratani ya mfuko wa mayai. Alitibiwa miezi tisa bila kulalamika, ila alilalamikia chakula cha hospitali, na hapo alikuwa na haki. Askari wake walikuja kumtazama wengi mpaka muuguzi akasema waingie wawili wawili, nao wakapanga foleni ukumbini bila kuambiwa na mtu. Alifariki Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, baada ya sala ya alasiri, Mahmood amemshika mkono na baba yake anamsomea Yasini. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Ameacha mume, Mahmood. Binti mmoja, Nurjehan, mwenye miaka tisa. Baba yake Msabaha na mama yake Jokha. Mdogo wake Mahir. Na mie bibi yake, niliyekuwa nimejiandaa kutangulia.

Imamu alijitolea kumsalia. Msabaha amemshukuru, akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemsalia binti yake. Basi simameni nyuma yake mnyooshe safu. Na mkimwombea, mjue mnamwombea mtu ambaye hapa duniani hakuacha kinyongo. Baba yake yu radhi naye. Mama yake yu radhi naye. Mumewe yu radhi naye. Mie niliyemlea ni radhi naye, mbele ya watu na mbele ya Mola wake. Naye Mola awe radhi naye, amlaze kwa amani.