Marudiano ya Fahali wa Mvumi

Mbukwenyi wa Mvumi, na habari za jioni kwa wengine wote huko mliko. Aliye jikoni asogee karibu na redio, ugali hautakimbia. Mimi ni Evodia Chilewa. Leo, wasikilizaji wapendwa, namkumbuka Gerson Ndahani. Gerson Ndahani, fundi wa kuchomelea mageti pale Kizota, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la ulingoni, Fahali wa Mvumi. Gerson alifariki mwezi uliopita. Tulimzika nyumbani kwao Mvumi, na mimi nilikuwepo.

Nasikia kuna watu wanasema, mieleka Dodoma? Ndiyo, mieleka, hapahapa kwetu. Kama ulikuwa mwanafunzi wa chuo miaka ile, au ulikuwa mtumishi wa serikali umehamishwa kutoka Dar huna pa kwenda Jumamosi, ulikwenda ukumbini kutazama mieleka. Na aliyekosa nauli alitazama kwenye televisheni, kwa sababu yale mapambano yalirushwa moja kwa moja. Waliovaa tai walipiga kelele kuliko waliovaa kandambili. Nimewaona mwenyewe, na majina yao ninayo.

Gerson alizaliwa Mvumi, mtoto wa pekee wa kiume wa mama Ruthu Ndahani. Baba yake alifariki Gerson akiwa mdogo, hivyo mama ndiye aliyemlea, kwa mtama, kwa karanga na kwa ng'ombe wachache. Mama Ruthu aliniambia, "Alikuwa mkubwa tangu tumboni. Mtoto alipoanza kutembea, majirani waliondoa vyungu njiani." Alimaliza shule, akaja mjini, akajifunza kuchomelea chuma. Mageti mengi ya Kizota ni kazi ya mikono yake. Na hata ule ulingo mliokuwa mnautazama, fremu yake aliichomelea yeye. Juu akapanga mbao, juu ya mbao magodoro, juu ya magodoro turubai. Alitengeneza mahali pa kuangukia, kisha akaanza kuanguka.

Hapo ndipo alipokutana na Joel Kalinga. Joel ni Mhehe wa Iringa, na ulingoni aliitwa Radi. Sasa mnajua wenyewe, Mgogo na Mhehe ni watani. Tangu siku ya kwanza hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye adabu. Mgogo anamwita mwenzake mla mbwa, Mhehe anamwita mwenzake ombaomba, na wote wanakwenda kula pamoja nyumbani kwa Gerson. Lea, mke wa Gerson, alisema, "Nilikuwa napika ugali wa watu watatu. Joel nilimhesabu bila kuuliza."

Wasikilizaji wapendwa, sasa nitawaeleza jambo ambalo Joel ameniruhusu nilieleze. Mieleka ile ilikuwa na mpango. Nani ashinde, nani aanguke, nani amsaliti nani, walikubaliana kabla. Mtu akimpiga mwenzake kabari, palepale anamnong'oneza sikioni nini kinafuata. Maumivu yapo, jasho lipo, lakini chuki haipo. Na kanuni yao kubwa ilikuwa moja. Humwambii mtu yeyote. Si jirani, si mteja, si mzazi. Ukiwa mbaya ulingoni, basi sokoni pia unanuna.

Gerson na Joel walikuwa upande mmoja, wanasaidiana, na watu waliwapenda. Ndipo mwandaaji wa mapambano akaona mambo yamepoa. Akataka kitu cha kuwaamsha watu. Wakapanga.

Jumamosi hiyo jioni, Gerson alipigana na bingwa, akamshinda. Refa akamnyanyua mkono. Mkanda ukafungwa kiunoni. Ukumbi mzima umesimama. Joel akapanda ulingoni kumpongeza rafiki yake, akamkumbatia. Nyuma yake wakapanda wanaume watatu ambao hakuna aliyewategemea. Joel akamwachia Gerson, akarudi hatua moja, kisha akampiga. Wote wanne wakamvamia. Refa alisukumwa akaangukia kwenye kamba. Mwisho Joel akamnyanyua Gerson begani, akambwaga chini kichwa na mgongo pamoja, au ndivyo sisi tulivyoona. Matangazo yakakatika hapohapo, Gerson akiwa amelala na Joel amevaa mkanda wake.

Mimi niliyekuwa natazama nyumbani nilisimama na kikombe mkononi. Nilimtukana Joel kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia redioni.

Lakini Mvumi kulikuwa na mtu mwingine anatazama. Mama Ruthu alikuwa dukani kwa jirani, amekaa kwenye benchi na wanakwaya wenzake, wamekuja kumwona kijana wao. Aliona mwanawe anashinda. Akaona mwanawe anavamiwa na watu wanne, na wa mbele yao ni yule rafiki anayekula kwake. Hakupiga kelele. Waliokuwepo wanasema alifunga khanga yake vizuri, akatoka.

Kesho yake hakwenda kanisani. Alipanda basi la kwanza, na mlenda mkavu kwenye mfuko wa kumpikia mgonjwa.

Na mgonjwa, jamani, alikuwa karakanani anafanya kazi. Mpango ulisema Gerson ameumia, mpaka siku ya pambano la marudiano. Kwa hiyo amefungwa bandeji kichwani, na mbele ya wateja anatakiwa aonekane mnyonge. Lea alinisimulia. "Nikamwona mume wangu anachechemea mguu ambao asubuhi ulikuwa mzima. Nikageuka nione kuna nini. Nikamwona mama anakuja."

Wateja walikuwa wawili watatu pale, wanasubiri geti. Gerson angemwambia nini mama yake mbele yao? Akachechemea. Akamwamkia mama kwa sauti ya mgonjwa. Wakaongozana hadi nyumbani. Na nyumbani, wasikilizaji wapendwa, kwenye mkeka, ameketi Joel Kalinga anakula. Alikuwa amekuja kimyakimya kula mchana wake kama siku zote, akidhani hakuna atakayemwona. Majirani walikuwa wamejazana mlangoni kumpa pole Gerson, na kumshangaa Joel.

Mama Ruthu alisimama mlangoni. Alisema, "Umempiga mwanangu jana, leo unakula ugali wake."

Joel alimtazama Gerson. Gerson akatazama chini. Kanuni ni kanuni, na majirani wanasikiliza. Joel akanawa mikono, akaondoka. Mama akamwambia akiwa ameshampa mgongo, "Nyumbani kwangu usije ukakanyaga. Hata nikifa."

Kwa nini Gerson hakumwambia mama yake ukweli majirani walipoondoka? Lea alimuuliza hivyohivyo. Gerson alijibu, "Mwache. Wiki chache tu. Kwenye marudiano ninamshinda, mama ataona kwa macho yake, mambo yatakwisha yenyewe." Ndivyo alivyofikiri. Alitaka mama apate raha ya kumwona akishinda, isiharibiwe na kuujua mpango mapema. Mimi simlaumu, lakini pia simsifu.

Marudiano hayakufanyika. Wenye kipindi walikatisha matangazo, mwandaaji akarudi kwao, ukumbi ukaanza kukodishwa kwa harusi. Mashabiki tulilalamika siku mbili tatu tukasahau. Mama Ruthu hakusahau, maana kwake hadithi iliishia mwanawe akiwa amelala chini.

Hapo ndipo Gerson alipokwenda Mvumi kumweleza mama kwamba yalikuwa makubaliano. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe una moyo mwepesi tangu utoto. Ukiibiwa, unasema ulitoa mwenyewe." Gerson akarudi mjini. Alikwenda tena, na tena. Kila akienda alirudi na karanga na jibu lilelile. Kwa nini mama amwamini mtu aliyechechemea mbele yake? Miaka ikapita. Joel alihamia Zuzu, akawa anafundisha vijana mazoezi. Ugali kwa Gerson aliendelea kula, lakini siku mama akija mjini, Joel alibaki kwake. Gerson alimwambia mkewe, "Kitu kimoja tu nataka. Mama na Joel wakae mkeka mmoja nikiwa hai."

Hakukipata. Gerson alikuwa na presha, na dawa alizimeza akikumbuka. Asubuhi moja alianguka karakanani. Madaktari walisema ni kiharusi, mshipa wa kichwani umepasuka kwa sababu ya presha. Walimweleza mama vizuri kabisa. Mama Ruthu akasikia neno moja tu, kichwani. Akasema, "Kile kichwa walikigonga. Mlikuwa mnatazama wote." Na maneno hayo yalimfika Joel kabla maiti haijafika Mvumi.

Hebu fikirieni. Umempoteza rafiki, na mama yake anasema umemuua wewe.

Siku ya maziko Joel alikuja. Alivaa suti yake nyeusi, akasimama nje ya uzio wa miiba. Wajomba wa marehemu walimwona, na mmoja alinyanyuka amfukuze. Mzee wa ukoo akamshika mkono. Akasema, "Huyu ni Mhehe. Mtani hafukuzwi msibani, hata kama mwenye msiba hamtaki." Ndivyo desturi ilivyo, wasikilizaji wapendwa. Mtani ana ruhusa. Anaingia, anachokoza wafiwa, anawacheka waliao, anamwiga marehemu alivyotembea na alivyokula. Wafiwa wanapumua kidogo. Hakuna wa kumzuia.

Joel akaingia. Jeneza lilikuwa linatoka mlangoni. Akaja moja kwa moja mbele yake, akalala chini kwenye vumbi, na suti yake, akaziba njia. Waliobeba jeneza wakasimama. Joel akasema kwa sauti ya ulingoni, ile sauti tuliyoizoea, "Halipiti. Mgogo huyu ananikimbia. Tulikubaliana marudiano, leo anaondoka kimya kimya kama mtu aliyeona mbwa. Mfungueni amalize pambano."

Watu walicheka. Walicheka huku wanalia. Mama Ruthu hakucheka. Aliinuka kwenye mkeka wa wanawake, akaja polepole mpaka alipolala Joel. Kicheko kikakatika. Mchungaji akafunga kitabu chake.

Mama akauliza, "Kichwa chake kiligonga chini, au hakikugonga?"

Joel akainuka, akapiga magoti. Ile sauti ya ulingoni ikamwisha. Akasema, "Hakikugonga, mama. Mkono wangu ulikuwa chini ya kisogo. Ulitangulia mkono wangu." Akaonyesha. Akanyoosha kiganja, mgongo wa mkono ukielekea ardhini, kimekunjwa kidogo, kama unavyopokea kichwa cha mtoto mchanga. "Wale watatu walisimama upande wa kamera ili watu wasiuone. Nilivimba vidole mwezi mzima. Lea ndiye aliyenikanda."

Mama akamtazama Lea. Lea akaitikia kwa kichwa.

 Kisha Mama Ruthu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyelitegemea. "Na hayo marudiano. Mlikubaliana nani ashinde?"

"Yeye, mama."

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningeanguka."

"Basi anguka nione."

Wasikilizaji wapendwa, Joel Kalinga alisimama. Mwanaume mzima, machozi yanamtiririka. Hapakuwa na magodoro wala turubai, ilikuwa ardhi ya Mvumi mnayoijua. Akarudi nyuma mbele ya jeneza la rafiki yake, akajirusha, akaanguka mgongo wote kwa kishindo. Vumbi likapanda. Akalala hapo, mikono wazi, hajitetei. Na yule mzee wa ukoo, ambaye kumbe naye alikuwa akitazama mieleka, akainama akapiga ardhi kwa kiganja kama refa anayehesabu ushindi, moja, mbili, tatu.

Mama Ruthu aligeukia jeneza. Alisema, "Umeshinda, mwanangu. Nimeona."

Kisha akamwambia Joel ainuke, na akawaambia wajomba wampishe mbele, upande wa kichwa. Joel akabeba hapo mpaka kaburini. Baada ya maziko niliwaacha wamekaa mkeka mmoja, mama anamlazimisha kula na yeye anakataa, na mama anamwambia Wahehe hawajui kukataa chakula.

Pole nyingi kwa mama Ruthu Ndahani. Pole kwako Lea na watoto. Pole kwa mafundi wote wa Kizota. Na pole kwako Joel Kalinga wa Zuzu, ambaye ukoo huo umeshakuhesabu.

Nami nawaomba jambo moja, kabla hatujafunga kipindi. Gerson alitaka kuona mkeka ule akiwa hai. Alikuwa na jambo moja dogo la kueleza, siku moja, mbele ya mlango wake, akaogopa masikio ya majirani, akasema wiki chache tu. Kama na wewe kuna mtu unamwekea maelezo mpaka siku nzuri ifike, usisubiri siku hiyo. Mpigie sasa hivi. Mimi nitanyamaza kidogo ili upate nafasi.