Tochi ya Shangazi na Kiti cha Nne cha Roshani

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu. Meneja wa ukumbi. Wateja mliowahi viti. Na wenzetu wa mlangoni, wa mashine, wa usafi na wa bisi:

UKARIBISHO

Karibu sana, Mgeni rasmi. Umekuja mchana huu kuzindua kampeni ya kupinga wizi wa filamu, na makofi tuliyokupigia hayakuwa ya kuagizwa. Hakuna anayeuchukia wizi huo kama sisi tunaofagia chini ya viti vinavyozidi kuwa vitupu. Ulipoingia uliliona bango jekundu: KUREKODI FILAMU UKUMBINI NI WIZI. Tumebandika kumi na manne. Yapo mlangoni, yapo kwenye ngazi, yapo hata chooni, mahali ambapo hatujawahi kuonyesha filamu. Roshani peke yake haina bango. Tuliambiwa gundi itaharibu rangi. Tunaomba ulishike hilo, tutalirudia.

HISTORIA FUPI

Historia ya ukumbi huu ni ndefu, ila sisi tutasoma ya mtu mmoja, mmulika tochi wetu, anayewaonyesha wateja viti gizani. Si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini wote tunamwita Shangazi, na hata wateja wenye mvi humwamkia.

Alianza kazi miaka ishirini na miwili iliyopita, mwaka ule paa lilipovuja watu wakatazama filamu wamefungua miavuli, mpaka wa nyuma walipolalamika kwamba wanatazama miavuli. Mwaka ule uongozi uliahidi kuziba paa mwezi unaofuata. Aliyeahidi alishastaafu. Ndoo bado ipo kazini.

Siku ya kwanza Shangazi alipewa tochi na sheria mbili: asimulike uso wa mtu, na asimulike roshani, kwa kuwa kule hukaa wageni wa uongozi. Ya kwanza aliivunja kila siku. Ya pili hakuivunja hata mara moja, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

MAFANIKIO

Katika miaka hiyo Shangazi amenasa kamera kumi na moja. Moja ilikuwa ndani ya mkate uliotobolewa. Alishangaa mtu kuuelekeza mkate wake kwenye pazia la filamu saa nzima bila kuumega. Nyingine ilibebwa na mama aliyefunika mtoto kwa kanga, siku tulipokuwa tukionyesha filamu ya kutisha ambayo hata fundi wetu wa mashine huitazama kwa jicho moja. Shangazi aliinama, akamwambia kwa upole:

"Mama, mtoto asiyelia kwenye filamu hii si mtoto. Hebu mfunue nimsalimie."

Meneja alipokea pongezi kwa barua. Tunaikumbuka barua hiyo, ilikuwa na muhuri mzuri. Jina la Shangazi halikuwemo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, miezi miwili iliyopita filamu mpya ilikaa kwetu siku tatu tu, ya nne ikawa inauzwa barabarani. Meneja aliifungulia nakala ile ofisini kwake akasikia, katikati ya busu refu la filamu, sauti ikisema: "Baba, miguu chini, kiti hakijakukosea." Na kivuli cha Shangazi kikapita.

Basi ikawa hivyo. Sauti yake imo, kwa hiyo alikuwepo; alikuwepo, kwa hiyo alishirikiana na mwizi. Alisimamishwa siku hiyohiyo, na tochi ikafungiwa kabatini. Tangu hapo akienda sokoni, muuza nyanya humpokea kwa "Baba, miguu chini", na soko zima hucheka. Yeye hucheka nao, kisha hurudi nyumbani bila nyanya. Barua ya kumfukuza imeshaandikwa. Jumatatu itakuja mezani kwako kusainiwa.

Sisi hatukuridhika. Tunaungama mbele yako kwamba tulinunua nakala moja ya wizi, moja tu, tukaitazama katika chumba cha chai. Tuliitambua feni yetu ya tatu kwa mlio wake. Fundi wa mashine alinuna siku mbili, akidai filamu yake imefuliwa na kuanikwa juani. Lakini dada wa usafi aliona tusichokiona: pembeni kushoto, picha ilikuwa inakatwa na ua la plasta, pambo la ukutani. Alilijua. Hulipangusa vumbi kila wiki.

Tukakata fremu ya boksi, tukaishika usoni, tukakaa kwenye viti vyote mia tatu na kumi na viwili, kimoja baada ya kingine, asubuhi tatu kabla ya kufungua milango. Tulikuwa wajinga, tulianzia chini. Ua lile lilikata pazia namna ile kutoka kiti kimoja tu: roshani, mstari wa mbele, kiti cha nne.

Ndipo Shangazi, tulipomfuata nyumbani kwake, akatueleza alichokuwa amekinyamazia. Siku ile aliona nukta nyekundu juu gizani, ndogo kama kaa la sigara. Mkono wake ulishanyanyuka. Meneja akaushika. "Shangazi, huko hakumulikwi. Kule hukaa watu wa Mkurugenzi." Akaishusha tochi, na hasira, ikiwa haina pa kwenda, ikamwangukia yule bwana aliyeweka miguu juu ya kiti. Sauti iliyomponza ni ya mtu aliyezuiwa kumkamata mwizi.

Kitabu cha wageni wa roshani kina jina moja tu siku hiyo. Hatulisomi hapa mbele ya wateja, tuna adabu. Kitabu kipo hapo mezani kwako, chini ya glasi ya maji, kimefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Tunamkumbuka mgeni huyo kwa koti lake zito siku ya joto kali, na kwa kutuuliza wakati anatoka filamu nyingine inaanza lini. Umfikishie salamu zetu nyumbani, na mama yake pia, yaani dada yako.

MAOMBI

Tunaomba barua ya Jumatatu isipate saini. Tunaomba bango la kumi na tano, na gundi tutanunua isiyoharibu rangi. Tunaomba pia sheria ya pili ifutwe, ili tochi ipande ngazi kama inavyopita kwenye viti vya wanaolipa. Paa hatuliombi leo. Tusije tukaonekana walafi.

ZAWADI NA HITIMISHO

Zawadi yetu kwako ni tochi. Meneja alitufungulia kabati asubuhi tulipomwambia inahitajika kwenye sherehe, na hatukumdanganya. Betri ni mpya.

Mwenye tochi yupo mstari wa mwisho, kiti cha pembeni. Ameingia kwa tiketi yake mwenyewe, na miguu yake iko chini. Tunakuomba, Mgeni rasmi, kabla hujamrudishia mkononi, uiwashe mwenyewe, uielekeze juu, uanzie kiti cha nne. Hata sisi tunaona kwamba leo pia kimekaliwa, na koti ni lilelile.

Mungu akupe afya, akupe macho, na mkono wako asiushike mtu.

Ni sisi wako,
Mlango, Mashine, Usafi na Bisi,
Wafanyakazi wa Ukumbi wa Sinema.